Simba wa Shilingi Kumi Hasomeki kwa Kidole

Kondakta wa matatu ya Kondele hahitaji taa kurudisha chenji usiku. Mkono ukiingia mfukoni, kidole gumba kimeshatenga shilingi ishirini na shilingi tano kabla jicho halijaulizwa chochote. Sasa mwombe akwambie, kwa kidole hicho hicho, ni mnyama gani aliyechorwa kwenye sarafu: twiga wa shilingi moja, kifaru wa tano, simba wa kumi au tembo wa ishirini, kama walivyowekwa kwenye sarafu mpya za mwaka 2018. Jibu atakupa, lakini atalitoa kwa kukumbuka thamani ya sarafu, si kwa kumpapasa mnyama. Ukubwa, unene, uzito na ukingo vinasomeka mkononi. Picha ya simba haisomeki, hata ikiwa imeinuka juu ya chuma.

Eneo hili lina shule za wasioona: Kibos hapa Kisumu, St. Oda kule Aluor, Siaya. Kwa hiyo namna ubongo unavyotambua umbo kwa kupapasa si suala la maabara za ng'ambo pekee. Lina bajeti ndani yake, lina kipindi cha hisabati, lina mtihani. Na hoja ninayoitetea haitawafurahisha wauzaji wa mashine: shilingi ya kwanza iende kwenye vitu vya kushikika vyenye kimo, na muda wa kutosha wa kuvishika. Michoro ya mistari iliyoinuka, yaani picha ambazo mistari yake inahisika kwa kidole, ije baadaye, kwa kazi chache inazozimudu. Utafiti wa ubongo unaelekea huko, ingawa mara nyingi unanukuliwa kutetea kinyume chake.

Tuanze na mkono, maana ubongo haupokei umbo, unapokea mwendo. Mwaka 1987 Susan Lederman na Roberta Klatzky walichapisha uchambuzi wa jinsi mikono inavyotembea mtu anapotafuta sifa fulani ya kitu. Walikuta mienendo sita ambayo watu huirudia bila kufundishwa, na yote unaweza kuiona sokoni Kibuye. Anayechagua mtumba husugua kitambaa huku na huku, anatafuta kama uso wake ni laini au unakwaruza. Wa parachichi hubonyeza, anataka kujua ugumu. Kiganja kikitulia juu ya kitu kinapima joto. Anayeinua kuku na kumshusha-shusha hewani anapima uzito. Kukumbatia kitu chote kwa vidole na kiganja kunatoa umbo la jumla. Wa sita ni kufuata ukingo kwa ncha ya kidole, na huo ndio unaotoa umbo kwa undani, lakini ni wa polepole kuliko mingine na ndio unaoilemea kumbukumbu. Mchoro wa mistari unamwachia mtoto mwendo huo mmoja tu. Mingine mitano imefungwa.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 1985 Klatzky, Lederman na Metzger waliwafunga watu macho na kuwapa vitu 100 vya kawaida vya nyumbani. Takribani asilimia 96 vilitajwa kwa usahihi, vingi ndani ya sekunde mbili tatu. Vitu kama hivyo vilipochorwa kwa mistari iliyoinuka, watu walitambua karibu theluthi moja tu, tena wakipewa kama dakika mbili kwa kila mchoro. Vidole ni vile vile, kilichobadilika ni walichopewa kushika.

Watu wengi wakisikia hivyo hudhani ngozi ndiyo dhaifu. Siyo. Ngozi ya kiganja kimoja na vidole vyake inahudumiwa na nyuzi za neva za mguso zipatazo 17,000, zikiwa zimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole. Zile zinazoishia kwenye seli za Merkel hushika kingo na nundu. Za Meissner hushika mtelezo na mguso mwepesi. Za Pacini hushika mtetemo. Za Ruffini hufuatilia mvutiko wa ngozi. Ncha ya kidole hutenganisha pointi mbili zilizo umbali wa milimita 2 hivi. Ndiyo sababu nukta za breli, zilizopishana kwa karibu milimita 2.5, zinasomeka vizuri. Umeme wa neva nao hauna uvivu: neva ya kifundo cha mkono ikichochewa, dalili yake inaonekana kwenye gamba la ubongo baada ya milisekunde 20 hivi.

Tatizo ni dirisha. Mwaka 1991 Loomis, Klatzky na Lederman walifanya jaribio ambalo ningependa kila mnunuzi wa vifaa alijue. Walichukua watu wanaoona, wakawaonyesha michoro kwenye skrini, lakini kupitia tundu dogo lenye upana wa ncha ya kidole ambalo mtu alilisogeza mwenyewe. Jicho likaanguka hadi kiwango kile kile cha kidole. Tundu lilipopanuliwa likatosha vidole viwili, jicho lilipata nafuu. Mguso ulipopewa vidole viwili haukupata nafuu ya maana. Yaani kinachochosha ni kukusanya vipande vidogo kimoja kimoja, kukumbuka kila kimoja kilikuwa wapi, kisha kuviunga kichwani. Ukimpa mtu mchemraba, viganja viwili vinapokea pande kadhaa kwa mpigo. Ukimpa mchoro wake, anapokea uzi.

Ndani ya fuvu safari ni hii. Taarifa za mkono hupanda upande ule ule wa uti wa mgongo kwa nyuma, hufika shina la ubongo, huvuka kwenda upande wa pili, hupita thalamasi, kituo cha kupokezana habari katikati ya ubongo, kisha hutua kwenye mkunjo ulio nyuma kidogo ya mfereji mkuu wa ubongo, kwenye ile ramani ya mwili ambayo Penfield na Boldrey waliichapisha mwaka 1937, ambamo mkono na midomo vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Ramani hiyo si moja, ina maeneo yaliyopewa namba. Eneo la 3b hushughulikia zaidi habari laini za ngozi. Eneo la 2 huchanganya ngozi na habari za viungo na misuli: vidole vimejikunja kiasi gani, vimeachana kiasi gani. Umbo la chungwa linatoka kwenye mchanganyiko huo. Kwenye karatasi bapa mkao wa vidole haubadiliki, kwa hiyo nusu ya habari ambayo eneo la 2 limezoea kupokea haipo kabisa.

Madaktari wa neva hupima njia hii kwa vitu vya mfukoni. Mgonjwa hufumba macho, huwekewa ufunguo, sarafu au kalamu mkononi, na huombwa ataje. Mwenye jeraha kwenye upande wa utosi wa ubongo anaweza kuhisi sindano na kutofautisha moto na baridi, lakini ufunguo akashindwa kuutaja. Kuhisi ni jambo moja, na kuunga vipande hadi umbo litokee ni jambo jingine lenye mitambo yake.

Mitambo hiyo haikomei kwenye eneo la mguso. Amir Amedi na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba kuna sehemu ya ubongo, upande wa nyuma na pembeni, inayowaka mtu anapotazama kitu na pia anapokipapasa bila kukiona. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa mali ya jicho. Kwa wasioona, habari inakwenda mbali zaidi. Norihiro Sadato na wenzake waliripoti mwaka 1996 kwamba wasomaji wa breli wasioona hutumia hata gamba la msingi la kuonea, kule kisogoni. Hilo pekee lisingethibitisha mengi, maana sehemu kuwaka si lazima iwe inafanya kazi inayohitajika. Mwaka uliofuata Leonardo Cohen na wenzake walivuruga kisogo kwa mipigo ya sumaku: waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa wadogo walikosea kusoma breli, wanaoona hawakuathirika hivyo kwenye kazi za mguso. Kisha mwaka 2000 ikaripotiwa habari ya mwanamke aliyezaliwa bila kuona, msomaji hodari wa breli, aliyepata kiharusi kilichoharibu pande zote mbili za kisogo. Vidole vyake viliendelea kuhisi nukta. Kusoma kulimtoka.

Hapa ndipo watu huteleza. Kutokana na utafiti huu utasikia ikisemwa kwamba mtoto asiyeona "anaona kwa vidole", na kwa hiyo mpe picha, ubongo wake utajua la kufanya. Utafiti haukusema hivyo. Ulisema kisogo kinaweza kuajiriwa na mguso. Haukusema kwamba kimepewa kanuni za jicho. Morton Heller alilinganisha makundi matatu mwaka 1989 na kukuta kwamba waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani ndio waliotambua michoro iliyoinuka vizuri zaidi, kuliko waliozaliwa bila kuona na kuliko wanaoona waliofungwa macho. Wana vitu viwili kwa pamoja: mazoezi ya vidole, na kumbukumbu ya jinsi picha zinavyochorwa. Aliyezaliwa bila kuona hana sababu ya kujua kwamba barabara inayoenda mbali huchorwa ikipungua upana.

Watoto watano wa India, wenye umri wa miaka 8 hadi 17, walitibiwa macho waliyozaliwa nayo bila kuona, na Richard Held na wenzake wakaripoti matokeo mwaka 2011. Mara baada ya bandeji kutolewa, walishindwa kulinganisha kwa macho vitu walivyokuwa wamevishika. Ndani ya siku chache walianza kuweza. Daraja kati ya mkono na jicho hujengwa, na hujengwa haraka, lakini hatuzaliwi nalo.

Sasa tuje kwenye umeme wa ubongo, ambao ndio utafiti ulio karibu zaidi na mifuko ya vyuo vyetu. Martin Grunwald na wenzake nchini Ujerumani waliwapa watu michoro iliyochimbwa kwenye vibao, wakawapima kwa EEG, mashine inayorekodi umeme wa ubongo kupitia vipokezi (elektrodi) vilivyowekwa kichwani, walipokuwa wakipapasa na walipokuwa wakikumbuka. Katika ripoti zao za 1999 na 2001, mawimbi ya theta, yale ya hezi 4 hadi 8 (mizunguko kwa sekunde), yaliongezeka nguvu upande wa mbele na katikati ya kichwa, na ongezeko hilo lilikwenda pamoja na muda ambao mtu alihitaji kupapasa. Theta ya sehemu hizo inajulikana kupanda pale kumbukumbu ya muda mfupi inapobeba mzigo. Iunganishe na lile jaribio la tundu la skrini: gharama ya mstari ulioinuka ni gharama ya kubeba vipande.

Kurudia jaribio la namna hii Maseno au Kisumu kunawezekana. Kitakacholiharibu si bei ya mashine bali mambo madogo.

La kwanza ni mwendo wenyewe. Mkono ukitembea, mawimbi ya hezi 8 hadi 13 juu ya eneo la mguso hushuka, hata kama hakuna umbo lolote linalotafutwa. Ukilinganisha "anapapasa umbo" na "ametulia", umepima misuli. Lazima kuwe na hali ya tatu: mikono inatembea kwa kasi ile ile juu ya ubao laini usio na kitu. Tofauti kati ya hali hiyo na ya umbo ndiyo data.

La pili ni macho. Baadhi ya wasioona macho yao hutembeatembea bila kukusudia, na mboni ikisogea inatupa umeme mbele ya kichwa, hapo hapo theta inapotafutwa, tena wenye nguvu kuliko umeme wa ubongo unaotafutwa, ambao ni makumi ya mikrovolti tu. Weka elektrodi kando ya macho yote, hata yasiyoona, ili uchafu huo uweze kutolewa. Mtego mwingine ni alfa ya kisogoni, mawimbi ya hezi 8 hadi 13: kwa waliozaliwa bila kuona mara nyingi ni hafifu au haipo. Mtafiti asiyejua hili atalinganisha makundi mawili na kutangaza "tofauti ya mguso" ambayo ilikuwepo kabla mkono haujagusa kitu.

Halafu nywele. Kofia nyingi za EEG zilibuniwa kwa nywele nyororo. Kwenye nywele zetu elektrodi huelea, na ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi ukipita kiloomu 5 kwenye mashine za kawaida, usomaji unakuwa kelele. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha suluhisho ambalo msusi yeyote wa hapa angelielewa mara moja: suka matuta yafuate mistari ya vipimo vya kichwa, acha ngozi wazi katikati, kisha bana elektrodi kwa vibanio vinavyojishikilia kwenye matuta. Nywele fupi za wanafunzi wa bweni hurahisisha mambo zaidi. Kichwa kioshwe jana yake, kisipakwe mafuta.

Joto la Kisumu nalo linadai haki yake. Jasho huleta mteremko wa polepole kwenye usomaji, na jeli inayounganisha elektrodi na ngozi ikisambaa, elektrodi mbili jirani huungana zikasoma kitu kimoja. Ukiona njia mbili zinafanana kama pacha, usifurahi. Pima saa mbili asubuhi, chuja kila kilicho chini ya hezi 1, na zima feni wakati wa kurekodi kwa sababu hutikisa nyaya. Kompyuta itumie betri, chaja zote zing'olewe. Hezi 50 za umeme wa ukutani zinachujika baadaye, ila zikizidi zinaijaza mashine hadi isisome kitu.

Hesabu ya muda ni rahisi. Mzunguko mmoja wa hezi 4 huchukua milisekunde 250, kwa hiyo dirisha la sekunde 2 lina mizunguko minane, na chini ya hapo usijidanganye. Majaribio 30 safi kwa kila hali ni kiwango cha chini cha busara. Mwanzo wa kila mguso uwekewe alama kwa swichi iliyo chini ya ubao, si kwa mtafiti kubonyeza anapoona mkono umefika. Na theta isigeuzwe kipimo cha akili ya mtoto. Inaeleza uzito wa kazi kwa wastani wa watu wengi. Haimwelezi Achieng au Wafula mmoja.

Turudi darasani, ambako hakuna elektrodi. Fundi wa mbao anayetengeneza viti anaweza kutengeneza seti ya maumbo: mchemraba, silinda, koni, piramidi, tufe. Ukubwa wa sentimita 5 hadi 8 unakaa kiganjani. Ukizidi upana wa viganja viwili mtoto anarudi kwenye kazi ya kuunga vipande, na ukiwa mdogo sana pembe zinayeyuka chini ya ngozi. Mbao ipigwe msasa namba 120 kisha 240. Vanishi nene hunata kwenye vidole vyenye jasho, afadhali kuiacha. Jiwe la sabuni la Tabaka linachongeka vizuri na linadumu, lakini usilichanganye na mbao katika seti moja, kwani ubaridi na uzito vitamwambia mtoto jibu kabla hajatafuta umbo.

Mtoto akumbatie kwanza kitu kizima kwa mikono miwili, ndipo afuate kingo: nyuso 6, kingo 12, pembe 8. Koni ikatwe nusu na kuunganishwa kwa vijiti, aitenganishe aipapase sura ya ndani. Mchemraba wa kadibodi ukunjuliwe uwe miraba sita bapa, kisha ukunjwe tena. Hapo mchoro wa mistari wa miraba hiyo sita unaingia kwa haki, kwa kuwa unafanana na kitu alichokishika. Mchoro wa mchemraba ukiwa umelala kwa pembe, zile msambamba tatu zilizogusana, haufanani na chochote ambacho kidole chake kimewahi kukutana nacho. Ni mkataba wa macho. Grafu ni habari tofauti: mstari wa grafu kwa asili yake ni mstari, na karatasi ya kuvimba kwa joto, ambayo mistari iliyochorwa juu yake huinuka ikipashwa moto, inaufanyia kazi nzuri. Ramani pia hufaa, kwa msomaji aliyefundishwa.

Kosa linalorudiwa sana ni mwalimu kumshika mtoto kifundo na kumburuza mkono juu ya kitu. James Gibson alionyesha mwaka 1962, kwa vyuma sita vya kukatia biskuti, kwamba watu walioruhusiwa kupapasa wenyewe walitambua asilimia 95, na waliobonyezewa chuma kiganjani asilimia 49. Mkono wa mwalimu ukae chini, wa mtoto juu, na wa mtoto uwe huru kuondoka.

Itasemwa kwamba mtihani hauwezi kubeba sanduku la mbao kwa kila mtahiniwa. Kwa swali la maumbo yenye kimo, unaweza. Vipande vitano kwenye trei, na mtahiniwa anaulizwa kile kile anachoulizwa mwenzake anayeona. Namba za breli zibandikwe kwenye trei, kando ya shimo la kila kipande, zisibandikwe kwenye kipande chenyewe: karatasi iliyogandishwa upande mmoja inakuwa alama, na mtoto mwerevu ataitumia hiyo aache umbo.